Mpoza Woga wa Nyang'oro

Mwenye pikipiki ya mizigo aliingia kivulini akihema, akauliza kwa sauti foleni itachukua muda gani, na bei kibaoni ikapanda kutoka shilingi mia nne na kumi hadi mia nne thelathini na tano.

Watu waliokaa kwenye mabenchi walitazama viatu vyao. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kabla hata mtoto hajaufungua. Yustina Kihwele akainuka taratibu kwenye kigoda chake, akamwendea yule mwanaume na kikombe cha togwa, akamshika kifundo cha mkono.

"Kumepoa, kaka?"

"Dada, mimi nina haraka kwelikweli, kule juu kuna..."

"Nakuuliza, kumepoa?"

Mwanaume akatazama kibao, akatazama nyuso za watu, akalitambua kosa lake. "Kumepoa," akasema, na sauti yake ikashuka.

"Haya. Hebu niambie, kwenu mlenda mnatia karanga au mnakula hivyohivyo?"

Wakazungumza mlenda. Wakazungumza karanga, za kukaanga na za kuchemsha, na ubishi wao haukuwa na kichwa wala miguu, kama ulivyotakiwa kuwa. Baada ya dakika nne kibao kilisoma mia nne kumi na mbili. Yustina akarudi kwenye kigoda chake bila kuharakisha hatua, maana hata mwendo wake ulikuwa sehemu ya kazi.

Kazi yenyewe iliitwa upoza. Hapo zamani vituo vya chaji havikuwa na wapoza, na adabu pia havikuwa nayo. Mtu alichomeka gari asubuhi, akaenda kula mbuzi choma na kulala kwa shemeji, gari likajaa na likaendelea kukalia plagi huku wenzake wakikaangwa na jua. Watu wakachomoleana waya, wakatukanana, wakashikana mashati. Ndipo Kampuni ya umeme ikaleta Mizani, mtambo wa kupanga bei. Mizani haikuuza umeme kwa uniti tu, iliuza kwa uhitaji. Kishikio cha waya kilipima mapigo ya moyo, mabenchi yalipima jasho, nguzo zilisikiliza maneno. Mwenye shida kubwa atalipa zaidi, walisema, na asiye na shida ataona bei imepanda, atapisha. Hiyo ndiyo haki. Siku ya kwanza watu walipiga makofi. Walichokuja kugundua ni kwamba bei ilikuwa moja kwa wote waliomo kivulini, na ulilipa ile iliyopo wakati unachomoa, si ile uliyoikuta. Salio lisipotosha, waya haukuliachia gari. Tena malipo hayakupita mpaka bei isimame bila kutikisika kwa sekunde kumi, kwa hiyo mtu akiweka kiganja kwenye bamba la kulipia, kivuli kizima kilibana pumzi kwa heshima yake.

Hivyo ndivyo woga wa mmoja ulivyokuwa gharama ya wote, na watu wakajifunza kuuficha. Kivulini hutaji saa. Hutaji umbali wala mgonjwa. Zaidi ya yote, humuulizi mtu atokako wala aendako. Kwa watu waliolelewa kumsalimu mgeni mpaka wafike kwenye afya ya mbuzi wake, adabu hii ilikuwa mateso matupu, lakini mfuko ni mwalimu mkali, na ndani ya miaka mitatu hata watoto walikuwa wameihifadhi. Chama cha madereva kikaajiri wapoza, mmoja kila kituo. Chini ya mlima Nyang'oro, mahali ambapo gari lenye betri iliyochoka haliwezi kuthubutu kuupanda kwenda Iringa, mpoza alikuwa Yustina, na madereva walisema kuanzia Dodoma hadi Mafinga hakuna wa kumfikia. Yeye mwenyewe hakubisha.

*

Mzee Kalolo na mkewe, Bibi Ludovika, walikuwa plagi ya tatu. Walipita kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mtu kivulini alijua kwa nini ingawa halikutamkwa hata siku moja. Bibi Ludovika alikuwa akienda Iringa kusafishwa damu. Mishipa ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imevimba chini ya kitenge, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko wa mzima yeyote wa barabara ile. Yustina hakuwahi kumpoza. Siku zilipokuwa mbaya, Yustina ndiye aliyekwenda kukaa karibu naye ili apoe.

Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilikuwa imekata barabara na hawakupita; sasa ilikuwa Jumatano. Hilo nalo halikutajwa.

"Kalolo," aliita Mchiwa, dereva wa lori la samaki wa Mtera, Mgogo mwenye mdomo usiopumzika. "Mbwa wangu hajaonekana tangu juzi. Nimepita kukusalimia tu."

"Alikuwa mnene?" Mzee Kalolo akauliza.

"Wa wastani."

"Basi si huyo."

Watu wakacheka, maana Kalolo ni Mhehe, na Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa, na kicheko kikashusha bei shilingi nne. Hakuna chama kilichomlipa Mchiwa kwa hilo, lakini Yustina alimwekea togwa ya bure kila alipopita.

Saa tano kamili gari la kijivu likaingia.

Aliyeshuka alikuwa bwana wa miaka arobaini hivi, shati la kitani, viatu safi, na adabu zote mahali pake. Alisema "kumepoa" kwa kila benchi. Hakutazama saa. Alichomeka waya plagi ya tano kwa mkono mkavu, na kibao hakikutikisika hata kwa shilingi moja. Yustina alimpenda papo hapo, jinsi fundi seremala anavyompenda mteja anayejua mbao.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akateremka binti wa miaka kumi na tatu au kumi na nne. Gauni lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alipokaa tu kwenye benchi, kibao kikaruka hadi mia tano na sitini.

Watu wote wakatazama viatu vyao.

"Samahani sana, mama," yule bwana akamwambia Yustina kwa upole. "Huyu ni mpwa wangu. Safari humsumbua. Nimeambiwa hapa kuna mpoza hodari."

Mtu akikusifia kazi yako, masikio huziba. Yustina alikwenda akakaa kando ya binti, akamshika mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia hata hayahesabiki. Akaanza kwa kuhema naye kwa kasi ileile, pumzi kwa pumzi, halafu akaipunguza kidogokidogo mpaka binti akawa anamfuata bila kujua. Alimsimulia habari za kuku wake mwekundu aliyekataa kutagia bandani, akawa anatagia ndani ya kofia ya jirani. Alimwambia afumbe macho na kuhesabu mayai. Mia tano. Mia nne sabini. Mia nne thelathini. Yule bwana akatikisa kichwa kwa shukrani, akaenda kujinyoosha karibu na magurudumu ya gari lake.

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, macho bado amefumba, "mbona huniulizi naenda wapi?"

"Hapa hatuulizani, mwanangu."

"Najua. Aliniambia. Alisema kila kituo kina mama kama wewe, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza."

Mkono wa Yustina ulibaki palepale ulipokuwa.

"Yule si mjomba wangu," binti akaendelea polepole, kama mtu asomaye barua asiyotaka kuikosea. "Mimi naitwa Nyemo. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alishindwa kupoa, kila kituo alikuwa anapandisha bei. Jana akamshusha porini, tukaondoka. Kwa hiyo nipoze vizuri, mama. Usiniache nipandishe."

*

Mia nne arobaini na tano. Mia nne sitini.

Yule bwana aligeuka. Alikisoma kibao kwanza, kisha akausoma uso wa Yustina. Yustina alikuwa amewasomea watu wengine kibao kile kwa miaka mitatu, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja woga wake mwenyewe utaandikwa juu ya kichwa chake kwa tarakimu, na kwamba anayemwogopa atakuwa anajua kusoma.

Akajikaza kisabuni. Akacheka.

"Eti hapendi kachumbari yenye pilipili," akasema kwa sauti ya kusikika. "Watoto wa siku hizi. Sisi pilipili tulianza kula kabla ya kuota meno."

"Ndivyo alivyo," bwana akasema, akatabasamu. Mia nne arobaini na tano tena. Lakini hakumgeuzia tena mgongo.

Yustina akaaga kwamba anakwenda kujisaidia. Nyuma ya ukuta wa choo, mahali ambapo Mizani haikuwa na masikio, akachuchumaa. Aliwaandikia polisi. Jibu likaja haraka, na afadhali lisingekuja. Gari la doria lilikuwa Mtera. Dakika hamsini. Naye kabla ya kuondoka kivulini alikuwa ameona muda kwenye kioo cha plagi ya tano: dakika kumi na tatu.

Akawakumbuka wasichana wawili wa mwezi wa tatu, wenye kanga za sare, waliolala fofofo benchini baada ya kupozwa. Akamkumbuka mwingine, wakati wa baridi, aliyelia bila sauti. Yeye alimwimbia mpaka akanyamaza, na aliyekuwa naye akamshukuru kwa noti mpya. Hakuwauliza. Adabu. Alikuwa amewafuta machozi na kuwarudisha garini, na sasa hakujua ni wangapi.

Njia ilikuwa moja tu, na aliijua kwa sababu maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuizuia. Bei ikiwa haisimami, malipo hayapiti. Malipo yasipopita, waya hauachii gari. Si gari la bwana yule peke yake, bali magari yote, kwa dakika hamsini. Na gari la Mzee Kalolo, mkweche ule unaokunywa umeme kwa kijiko, lilikuwa bado linataka dakika ishirini na tano ili liuweze mlima. Kitanda cha Bibi Ludovika kilikuwa cha saa sita na nusu. Kitanda humsubiri mgonjwa kwa nusu saa, baada ya hapo hupewa mwingine aliye foleni. Jumatatu alikuwa amekosa. Yustina hakuwa daktari, lakini kope za yule bibi zilivyovimba asubuhi hiyo alikuwa ameziona.

Alirudi kivulini. Bibi Ludovika alimtazama dirishani, akamtabasamia. Yustina alitaka kwenda kumnong'oneza, kumwomba ruhusa, kwa kuwa damu ile ilikuwa yake na muda ule ulikuwa wake. Hakwenda. Alijiambia ni kwa sababu nguzo zinasikia. Ukweli ni kwamba aliogopa bibi atasema hapana.

Kioo cha plagi ya tano kilisoma dakika nne. Yustina akasimama katikati ya kivuli.

"Nyemo, mwanangu," akasema, na sauti yake ikafika kila benchi, "unatoka wapi? Na huyu bwana anakupeleka wapi?"

Mama mwenye mtoto alifumba macho kama aliyeona mtu anavuliwa nguo barabarani.

"Dada Yusta," Mchiwa akasema chini chini. "Adabu."

"Nyemo," bwana akaita.

Binti alimtazama Yustina. "Natoka kwetu, ng'ambo ya bwawa," akasema. "Ninakopelekwa sikujui. Huyu simjui. Mwenzangu yuko porini."

Mia sita. Mia tisa. Elfu moja na mia tano. Kibao kikawa chekundu, na chini ya kila gari pakasikika mlio wa vifungo vikijifunga, kimoja baada ya kingine, magari saba.

*

Bwana hakukasirika. Yustina angeweza kumvumilia akikasirika. Alitembea hadi kwenye bamba la kulipia, akaweka kiganja chake juu yake kama mtu anayemgusa mtoto kichwani. Kibao kilisoma elfu mbili na mia tatu.

"Nitalipa hiyo," akasema. "Hata ikifika elfu ishirini nitalipa. Mtoto ana homa ya safari, na mama huyu amemjaza hofu, sasa mnaumia nyote. Poeni, ndugu zangu. Tukipoa, kila mtu anaondoka na safari yake."

Kilichomtisha Yustina ni kwamba watu walimsikiliza. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa. Yule mama alimkumbatia mwanawe, akaanza kuhema, pumzi nne ndani, pumzi sita nje. Dereva wa benchi la pili akainamisha kichwa, midomo ikihesabu mayai yasiyokuwapo. Hata Mchiwa alikuwa amefumba macho. Mmoja mmoja walikuwa wanapoa, kwa njia zilezile alizowafundisha yeye, na walizifanya vizuri.

Elfu mbili mia tatu na kumi. Elfu mbili mia tatu na nane. Elfu mbili mia tatu na nane.

Bamba likaanza kuhesabu kwa sauti yake laini ya kike. Moja. Mbili.

"Msipoe," Yustina akasema. "Jamani, msipoe, mtoto anaibwa." Lakini maneno ya hofu walishazoea kuyaacha yapite, na yeye ndiye aliyewazoesha. Tatu. Nne. Alijaribu kuogopa kwa niaba ya wote, na moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno, lakini moyo wake ulikuwa mmoja na Mizani ilikuwa tayari imeuhesabu. Tano. Sita. Nyemo aliinuka mwenyewe kwenye benchi, akaanza kutembea kuelekea gari la kijivu, mikono ameishusha ubavuni, kwa sababu aliona mambo yamekwisha.

Mlango wa mkweche ukafunguka. Bibi Ludovika alishuka, akajishikilia ubavuni mwa gari mpaka akaifikia plagi ya tatu. Akakishika kishikio cha waya kwa mikono yote miwili.

"Kalolo," akasema. "Naogopa kufa."

Elfu mbili na mia tisa. Bamba likanyamaza kwenye nane, likaanza upya.

"Ludo. Mke wangu. Rudi ukae."

"Miaka mitatu nimekaa. Kila ukiniuliza nakwambia kumepoa. Haijawahi kupoa, Kalolo, hata siku moja." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea kama mtu anayetua mzigo na bado hajanyoosha mgongo. "Usiku nasikia moyo unapiga masikioni. Nawaza nani atakufunga vifungo vya shati, maana vidole vyako havifungi. Jumatatu hatukupita. Leo nikikosa, sijui kama Ijumaa nitaiona. Naogopa, jamani. Naogopa sana."

Mzee Kalolo aliketi chini, palepale kwenye saruji, akaanza kulia mbele za watu. Elfu nne. Bamba likasema moja, likakatika. Likasema moja.

"Mimi nina ndugu yangu," dereva wa benchi la pili akasema ghafla, bila mtu kumuuliza. "Alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya ndani. Miaka sita sasa. Nilikuwa sitaki kuwaza." Yule mama alimwachia mwanawe mdomo, na mtoto akalia kwa sauti yote aliyokuwa ameibania. Mchiwa alifumbua macho, akamtazama Bibi Ludovika, kisha binti mwenye gauni la mikunjo, akavua kofia. Hakuwa na utani wowote. Alitembea hadi kwenye gari la kijivu, akapanda, akaketi juu ya boneti, lori lake likiyeyusha barafu jirani.

Elfu sita. Elfu saba na mia moja. Tarakimu hazikusimama tena.

Bwana aliondoa kiganja, akakipangusa kwenye shati, akakirudisha. Akakiondoa tena. Kisha akafanya jambo ambalo tangu afike hakulifanya. Akatazama barabara, upande wa Mtera, akatazama saa yake. Kibao kikaruka shilingi mia nane kwa mkupuo mmoja, na kila mtu kivulini akajua hizo ni za nani.

*

Doria ilifika saa sita na dakika kumi. Walimkuta ndani ya gari lake, vioo amevipandisha, waya bado umelishika gari ubavuni. Walimfunga pingu na wakageuza kurudi Mtera pamoja na Nyemo, maana yeye tu ndiye angeweza kuonyesha mahali mwenzake aliposhushwa, na jua la mchana lilikuwa halimsubiri mtu. Binti hakuaga. Alikuwa anamweleza askari habari za mti fulani na daraja fulani, haraka haraka, kwa mikono yote, na bei ilikuwa inapanda kila alipofungua mdomo mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Watu walipobaki wenyewe waliona kibao: elfu tano na mia mbili. Salio la Mzee Kalolo lisingeweza hata robo yake. Kila mtu alijaribu kupoa na kila mtu alishindwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na walikuwa wameumbuka wote kwa pamoja. Mwishowe Mchiwa akasema kama hatuwezi kuacha kuogopa, basi tukaogopee nje. Wakatoka. Wote, pamoja na yule mama na mwanawe, wakaenda kusimama juani ng'ambo ya lami ambako Mizani haikuwafikia, wakawaacha kivulini wenye mkweche tu.

Yustina alibaki ili ashike mkono wa Bibi Ludovika. Bei ilishuka kidogokidogo. Hakusimulia habari za kuku.

"Bibi," akasema baadaye, "sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Nilikuwa naogopa kweli." Bibi Ludovika alikuwa ameegemeza kichwa kwenye nguzo, uso umechoka. "Yule mtoto ningempa saa zangu. Nafikiri ningempa. Ila ungeniuliza, Yusta."

"Ungekataa?"

"Sijui. Ndiyo maana ungeniuliza."

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili kibao kikasimama kwenye mia tano na tisini, Mzee Kalolo akaweka kiganja, na ng'ambo ya barabara watu wote wakabana pumzi ingawa haikuwa na haja. Waya ukaliachia gari. Mkweche ukaanza kuupanda mlima, taratibu mno, na Yustina aliutazama mpaka kona ya pili ikaumeza. Kufika Iringa ilikuwa saa nzima na zaidi, na kitanda kilikuwa kimebakiza dakika kumi na mbili tu.

Alhamisi askari walipiga simu. Mwenzake Nyemo alipatikana akiwa hai, chini ya daraja, midomo imepasuka kwa kiu. Yustina alimshukuru Mungu kwa machozi, na machozi hayo hayakumpa usingizi.

Ijumaa alifika kituoni kabla ya magari yote. Kigoda alikigeuza kikaelekea upande wa Mtera. Saa nne ikafika, saa ambayo wazee wale hawakuwahi kuichelewa. Ikafika nne na nusu, mkweche haujaonekana. Magari yaliingia na kutoka, watu wakanywa togwa wenyewe kwa kujimiminia. Saa tano kibao kilisoma mia sita, halafu mia saba na hamsini, na kivulini hapakuwa na mgeni yeyote mwenye haraka. Mchiwa aliinuka kwenda kuchomoa. Aliiangalia bei, akamwangalia Yustina aliyeganda pale kwenye kigoda, macho barabarani. Akaweka kiganja kwenye bamba, akangoja kwa muda mrefu mpaka tarakimu ziliposimama, akalipa. Wa benchi la pili naye akalipa. Hakuna aliyemwambia apoe.